Siku Meza za Maktaba Zilipogeuka Ngoma

Nimefanya kazi kwenye maktaba ya chuo cha uganga hapa Mwanza tangu nikiwa binti mwembamba, na kazi yangu kubwa miaka yote hiyo imekuwa kuwaambia watu wanyamaze. Sifa yangu naijua. Wanafunzi wakikaa kwenye ngazi huniigiza nikiweka kidole mdomoni na kukunja uso, wakidhani siwaoni. Basi nataka kusimulia siku niliyowaacha watu wapige kelele humo ndani mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, na sikujuta hata kidogo.

Maktaba yenyewe ni jengo la mawe lililokaa juu ya miamba, na madirisha yake marefu yanatazama ziwa. Ndani mna meza za mninga, nzito, huwezi kuihamisha moja bila kuita wanaume. Vitabu vingine havifunguliwi tena kwa sababu dawa zilizoandikwa humo ziliachwa zamani. Kwenye kabati za vioo tumeweka vifaa walivyofundishiwa wazee wetu: hadubini za shaba, mizani ya kupimia watoto wachanga, na mtoto wa kitambaa aliyeshonwa na wanafunzi wa ukunga wa enzi hizo ili wajifunze kuzalisha. Mchana huja vijana wa sekondari kutoka Mkuyuni kusoma, maana kwao chumba ni kimoja, watu wengi, na redio ya jirani haizimwi. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango hao. Sikumwomba mtu ruhusa.

Mwaka huu mkuu wa chuo alitaka kuifunga maktaba. Chumba kigawanywe kiwe ofisi, na vitabu na kabati zipelekwe ghalani Nyakato. Ghala hilo nalijua, ni la bati juu mpaka chini, joto la tanuri, na mchwa humo wana ukoo. Nilipoambiwa nilikasirika, nikaenda kukaa nje juu ya jiwe nikalia. Naipenda ile maktaba kama wengine wanavyopenda shamba la baba yao, na siwezi kusema vinginevyo.

Mkuu wetu si mtu mbaya. Ni mtu wa Tanga, mpole, anaongea taratibu na kwa sauti ya chini hata akiwa na hasira. Siku tuliyokaa kikao cha kupanga sherehe za historia ya chuo, ambapo wananchi wangefunguliwa mageti waje kuona tulikotoka, mimi niliomba saa tisa alasiri iwe ya maktaba. Mwenzangu anayesimamia jengo jipya la mazoezi ya tiba naye akaitaka saa tisa hiyo hiyo. Kule kwake kuna mdoli wa umeme anayepumua, anakonyeza macho, analia, na hata kujifungua anajifungua. Tukabishana. Nikapandisha sauti, kama kawaida yangu.

Mkuu akachoka na sisi. "Basi wote mfanye saa tisa, kila mtu kwake. Watu wachague wenyewe. Nikiona wananchi wanaitaka hiyo maktaba, itabaki. Wakiikimbia, tusigombane tena."

Mimi na mwenzangu tukatazamana, halafu tukaangua kicheko mpaka mwenzangu akavua miwani kufuta machozi. Mkuu alishangaa. Hakujua kwamba ametutangazia mashindano ya Wagika na Wagalu.

Kwetu Usukumani ngoma hushindana hivi: vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vinacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wa kushika kalamu. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao. Huku kukinoga wanakimbilia huku, kule kukichemka wanahamia kule, na mwishoni mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kikundi hutafuta kioja cha kuvutia watu, mara chatu, mara fisi, mara nungunungu. Wapo pia wanaotafuta dawa ya kuvuta watu, na husemwa kwamba waganga wawili wakubwa waliogombea sifa ndio walioanzisha pande hizo mbili. Baba yangu alikuwa Mgalu. Mwenzangu yule ukoo wao ni Wagika tangu babu. Sote tumekulia Kisesa, hatua chache kutoka makumbusho ya Bujora, na tumewahi kukanyagana kwenye viwanja hivyo tukiwa watoto.

Kuanzia siku ya kikao mwenzangu hakunipa nafasi ya kupumua. Akinikuta koridoni ananiuliza, "Mgalu, dawa umeshapata, au nikuazime ya kwetu?" Nami namjibu, "Mwenye mdoli wa kukonyeza anahitaji dawa ya nini? Mpeleke harusini akakuletee mke wa pili." Tulicheka, lakini nikirudi kwenye meza zangu kicheko kinakwisha. Yeye akishindwa angebaki na jengo lake jipya. Mimi nikishindwa, vijana wa Mkuyuni wangekuta mlango umefungwa.

Nilimwendea mama mkwe wangu. Ni muuguzi mkunga mstaafu, alisoma chuoni hapo hapo, na zamani aliendesha kliniki ya watoto kando ya ziwa. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha kuchambua mchele. Nikamwomba aje awaonyeshe watu jinsi walivyofundishwa kwa mtoto wa kitambaa.

"Mkwe wangu," akasema, "unataka kuniweka kabatini na zile hadubini? Mimi si kitu cha makumbusho." Akapuliza pumba zikaruka. Niliondoka na aibu yangu.

Ikabidi nitafute kioja kingine. Stoo kulikuwa na kiunzi cha mifupa ya binadamu, kimeunganishwa kwa waya, cha kufundishia tangu zamani. Nikasema potelea mbali, kama wenzetu wanaleta fisi, mimi nitaleta huyu. Siku ya sherehe nikamfuta vumbi nikamsimamisha mlangoni kabisa, kila anayepita amwone.

Jamani. Msukuma mzima nimefanya kosa ambalo hata mtoto asingefanya. Kina mama wa kwanza kupanda ngazi walimwona wakasimama. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu akawafunika macho kwa kanga. Akaniuliza kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, huyu ni mtu wa watu. Ndugu zake wanajua kwamba mmemsimamisha hapa?" Wakageuka, wakashuka, na waliokuwa nyuma yao wakashuka nao bila hata kuuliza kuna nini. Nikamrudisha stoo, nikamlaza, nikamfunika kitenge changu, nikamwomba radhi. Niliporudi mlangoni hapakuwa na mtu.

Kule jengo jipya watu walijaa mpaka nje. Mdoli akilia, umati unapiga makofi. Mwenzangu alitoka barazani na kipaza sauti, akaniona ng'ambo ya uwanja, akanipungia mkono. Nilimwomba Mungu umeme ukatike, na sioni haya kusema. Haukukatika. Uliwaka siku ile kuliko siku zote, na mimi nikakaa kwenye ngazi nikitafuta maneno ya kuwaambia vijana wangu.

Hapo ndipo mama mkwe akapanda ngazi kwa fimbo yake, na wenzake watatu nyuma, wastaafu kama yeye, wamevaa sare nyeupe za zamani zilizokuwa zinawabana. Sikuthubutu kumwuliza kilichombadilisha mawazo.

"Watu wako wako wapi?" akaniuliza.

"Wako kule, mama. Nimeshindwa."

"Kutangulia si kufika," akasema, akaingia ndani. Nilidhani ataenda kwenye kabati. Akavuta kiti, akakaa kwenye meza kubwa ya mninga iliyo karibu na dirisha, akafungua dirisha wazi, akampakata yule mtoto wa kitambaa ambaye mwenzake mmoja alimtolea kabatini. Halafu akaipiga meza kwa kiganja. Meza ikaitika ndu, ndu, kama ngoma. Wenzake wakapokea kila mmoja na meza yake, na mama mkwe akaanza kuimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza:

"Mtoto akiharisha, mama usimnyime maji!
Chemsha kwanza, poza, ndipo anywe!"

Wenzake wakaitikia, "Anywe, anywe, anywe tena!"

Ulikuwa wimbo wa kliniki. Mama yeyote wa pande hizi aliyewahi kukaa kwenye benchi na mtoto mapajani akisubiri mizani aliuimba huo, na kabla yake mama yake aliuimba. Nami niliuimba. Mkono wangu ulipanda wenyewe kuelekea mdomoni kuwanyamazisha, mazoea hayo, nikaushika kwa mkono wa pili nikaushusha.

Ukapita ubeti mmoja, wa pili. Wa tatu, kutoka ng'ambo ya uwanja, sauti ya mwanamke mmoja katikati ya umati wa mdoli ikaitikia, "Anywe, anywe, anywe tena!" Watu wakacheka, wakageuka. Ikaitikia nyingine. Yule bibi wa kanga ndiye aliyevunja mstari, akakata uwanja na wajukuu wake akicheza mabega, na nyuma yake wakaja kina mama, wauza samaki, wachuuzi, wanafunzi, na wanaume waliokuwa wanajifanya wanawafuata wake zao. Nilijua ninachokiona. Nimekiona Bujora mara nyingi: umati ukihama, ardhi yenyewe unaisikia.

Walijaa. Walikaa kwenye meza, kwenye madirisha, kwenye ngazi. Mama mkwe alimpitisha yule mtoto wa kitambaa mkono kwa mkono, akawa anaeleza namna ya kumpokea aliyetanguliza matako, na wanawake waliozaa kwa mikono yake wakawa wanasimama kumsalimu. Mmoja alimvuta binti yake mrefu mbele na kusema, "Huyu ndiye yule uliyempuliza mdomoni, mama." Mama mkwe akamtazama binti kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema amekua vizuri ila anakula kidogo. Nililia, nikaimba, nikapiga meza mpaka kiganja kikawaka moto.

Mwenzangu alikuja mwisho. Kwake alibaki mdoli peke yake akikonyeza kuta. Alikuja kwa sababu mama yake mzazi alikuwa amemwacha akakimbilia kwetu, na nilimwona akisimama nyuma ya kiti cha mama yake akiitikia kwa nguvu zote. Alinikuta nikimcheka. "Mgalu," akasema, "umekula. Umeshinda." Alinipa mkono kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Mkuu wa chuo hakuweza kupita mlangoni. Ilibidi wampishe mmoja mmoja, ubavu ubavu, mpaka akanifikia pale dirishani jasho likimtiririka. Alitazama juu, kwenye kile kibao changu cha KIMYA TAFADHALI, kisha akainama sikioni kwangu, na kwa ile sauti yake ya chini ya kila siku akasema neno lake.

"Sikusikii, mkuu," nikamwambia.

Akarudia, juu kidogo.

"Kelele nyingi. Hebu sema kwa sauti, leo ruksa."

Mama mkwe akanyanyua kiganja, meza zikanyamaza zote kwa pamoja, na watu wakageuza nyuso. Yule mtu wa Tanga akavuta pumzi, akapiga kelele ambayo nadhani hajawahi kuipiga maishani mwake: "Maktaba inabaki! Meza, vitabu, kila kitu kinabaki hapa hapa!"

Wakamsikia wananchi, wakamsikia wakuu wa idara, wakamsikia vijana wangu wa Mkuyuni waliokuwa wamening'inia madirishani, na vigelegele vikafika mpaka chini ziwani. Baada ya hapo hakuna mtu ambaye angeweza kuyarudisha maneno hayo mdomoni. Mimi nilimsikia tangu mara ya kwanza.