Msumari wa Mpapai Dume

Mwalimu Asnath ni mtu wa Singida, na bayolojia anaifundisha hadi wanafunzi wa dawati la nyuma wanaacha kusinzia. Hapa Mabamba aliletwa na ajira, akabakizwa na ndoa. Mumewe ni Nathaniel, seremala mpole kupita kiasi. Wanaishi kiwanja kimoja na mama mkwe, Bi Vestina, na miaka inakwenda bila mtoto.

Mimi ni jirani na mwalimu mwenzake, ndiyo maana nayajua haya. Walikwenda kupima Kasulu wote wawili. Asnath ni mzima. Tatizo liko kwa Nathaniel. Njiani kurudi, mume alimwapisha asimwambie mama yake kamwe. Kiapo gani hicho, jamani!

Siku moja Bi Vestina akaja na nyundo na msumari, akamsimamisha Asnath mbele ya mpapai dume wa uani, ule unaochanua kila msimu bila tunda. Wazee wa huku huupigilia msumari mti wa namna hiyo ili uzae.

"Piga mwenyewe, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kiha. " Huu ukizaa, nawe utazaa. Mti ukikataa kuzaa, nitajua ni Mungu, sitakusumbua tena."

Asnath alipiga kwa furaha. Aliona mlango umefunguka. Jinsia ya mpapai huamuliwa na vinasaba tangu mbegu inapotungwa, na msumari haufiki huko. Mti ungebaki dume, naye angepumua.

Alisahau ukorofi wa mipapai. Dume mmoja mmoja, hali ya hewa ikibadilika, hutoa maua machache yenye kizazi ndani. Vinasaba ni vilevile, mti ni dume vilevile, ila unazaa. Mvua zilipokatika, vipapai vyembamba vikaning'inia kwenye vikonyo virefu.

Bi Vestina alipiga vigelegele, majirani tukajaa uani. Asnath akaanza kueleza habari za vinasaba.

"Mwalimu, hata dume kazaa," Bi Vestina akamkatisha. "Wewe unashindwa nini? Msimu ujao usipobeba mimba, namtafutia mwanangu mke mwingine."

Asnath akamgeukia mumewe. Neno moja tu lingemfungua. Mimi ningelisema mwenyewe, liwalo na liwe. Yeye alishika kiapo, akamngoja mumewe.

Nathaniel alikuwa akimenya papai la mti ule. Akakata kipande, akamnyooshea mbele yetu sote.

"Kula, mke wangu," akasema. "Labda litakusaidia."