Mama Alipoomba Kasida

Usomi wangu wote nimeutumia kwenye jambo moja: mahaba ya Mungu, yaani jinsi masufi wanavyomtamani Mola wao. Sikuyaanzia chuoni. Niliyasikia kwanza kwa mama, nyumbani kwetu Garissa, alipokuwa akikutana na wanawake wenzake kila Alhamisi kupiga ngoma na kuimba kasida. Wengine waliimba huku machozi yakiwatoka.

Kaka yangu alishika njia nyingine. Alisomea dini ng'ambo, akarudi akawa imamu wa msikiti wa mtaani kwetu. Ijumaa moja alisema mimbarini, bila kunitaja, kwamba wapo wasomi wanaouita uzushi elimu. Watu waligeuka kunitazama. Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana mazikoni tu.

Mwaka jana mama aliugua. Madaktari waliporuhusu tumrudishe nyumbani, tulielewa maana yake. Aliniomba niwaite wale wanawake. Walikuja wachache waliobaki, vikongwe watupu. Walikuwa wanaipasha ngoma moto kwenye jiko la makaa kaka alipoingia kutoka safari ya Mandera, bado ana vumbi la barabara.

Akawaamuru waondoke. Alisema hatakubali mama yake amwendee Mola kwa bidaa, kwa uzushi katika dini. Nikamjibu kuwa nyumba ni ya mama. Alinisogelea mpaka nikaisikia pumzi yake usoni. Nje, kando ya gari, walisimama vijana wa msikiti wake, na walikuwa wanasikia kila kitu.

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya kukwaruza, akimtazama kaka.

"Mwanangu, umenifundisha kumwogopa Mungu, na ninamwogopa. Leo niache nimpende."

"Hooyo, mama yangu, ninahofia akhera yako," kaka akasema.

"Basi kaa hapa."

Akakaa kwenye mkeka, miguuni pake, akaanza kusoma sura ya Yasini kwa sauti kubwa. Wanawake waliniangalia. Niliwaashiria waanze. Waliimba bila ngoma, naye akasoma, sauti zikigombana chumba kizima, na mimi katikati nikingoja mmoja wao ainuke aondoke. Hakuna aliyeinuka. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, na mpaka leo sijui alikuwa akifuata upande gani.

Alifariki asubuhi yake. Mimi na kaka tulishuka kaburini pamoja kumpokea.

Ijumaa iliyofuata, kaka alirudia mimbarini maneno yale yale ya wasomi na uzushi. Nilibaki kwenye safu yangu, nikaswali nyuma yake.