Maumbo ya Bi Edna

Mwaka jana fundi alikuja kuziba ufa wa ukuta sebuleni kwangu, hapa Wembley. Alipokoroga plasta ndani ya ndoo, harufu yake ilinijia: ubaridi wa udongo mbichi, chokaa, na kitu kama maji ya kisima kilichofungwa siku nyingi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini, nikatoka nje na kandambili zangu, nikasimama barabarani katika baridi ya mwezi wa tatu. Fundi akadhani nina pumu, maskini, akafungua madirisha yote. Ningemwelezaje kwamba kwa dakika ile nilikuwa tena na miaka minane, nimesimama mlangoni kwa Bi Edna, nikiogopa kuingia?

Tulikuja London, mimi na mama, miaka michache baada ya mapinduzi ya Unguja. Baba hakuja nasi. Asubuhi moja watu wawili walimfuata nyumbani, wakasema wana maswali machache tu, akatoka nao. Hakurudi. Hatukuletewa habari wala maiti. Mama alimngoja mpaka ndugu zake wakamtia melini kwa nguvu, kwenda Mombasa, na kutoka huko tukaja kwa mjomba wake, aliyekuwa na chumba cha kutuweka. Watu wakimuuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Yuko safarini." Kila alipopakua chakula alijaza sahani ya tatu, akaifunika kawa. Asubuhi nilikula mimi kile kiporo kabla ya kwenda shule, na mpaka leo wali wa jana ndio naujua kuwa wali.

Kila Jumamosi mama alikwenda kusafisha studio ya Bi Edna, nyuma ya stesheni ya Willesden. Zamani lilikuwa banda la farasi. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, basi nilikwenda naye.

Bi Edna alikuwa mchoraji na mchongaji, mzee mrefu mwembamba, anavaa suruali ya kiume na kujikata nywele kwa mkasi wa jikoni. Michoro yake haikuwa na mti, nyumba wala uso wa mtu. Ilikuwa vipande vya rangi, kijivu na kahawia na nyeusi, vimekaa kandokando kama watu wasiosemeshana. Na sanamu zake, za mbao na za plasta, hazikuwa na umbo unaloweza kulitaja jina.

Mjomba hakupendezwa. Alimwambia mama, "Nyumba yenye masanamu malaika hawaingii, Asha."

"Haya hayana macho, mjomba," mama alimjibu. "Hayana pua wala mdomo. Sanamu gani hiyo?"

Mjomba akasema basi labda malaika watachungulia dirishani.

Mimi ningependa yawe na macho. Kitu chenye macho ukikitazama unajua kinatazama wapi. Yale maumbo yalikuwa marefu kumpita mama, yamejaa banda zima, na yale ya plasta mbichi yalifunikwa mashuka yaliyolowa maji ili yasikauke haraka. Shuka lililolowa hushika kilichomo ndani. Nilikuwa nimeshaona maiti ikivishwa sanda kwetu, nikajua ninachokiona. Tena yalikuwa yakilia. Plasta ikikauka hutoa sauti, tik, kisha kimya, kisha tik pembe nyingine, na kwa mtoto aliyekaa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, hayo ni mazungumzo.

Moja nililiogopa kuliko yote. Lilisimama mwisho wa banda, la kijivu, na kila nilipohama nililiona limekaa vilevile, kana kwamba linageuka nami. Jumamosi moja Bi Edna alikwenda kununua mkate. Nilikuwa uani, nikichezea vipande vya mbao, nikasikia mama anazungumza ndani. Nilidhani kaja mgeni. Nikachungulia.

Mama alikuwa amesimama mbele ya lile umbo, tambara mkononi, ushungi umemteleza mabegani. Hakuwa anafuta chochote. Alikuwa anasema, kwa sauti ile ya watu wawili waliolala chumba kimoja: "Na Zuhura kaanza kusoma Kizungu vizuri. Mwalimu kamsifu. Lakini meno yake, sijui katoa kwa nani, kwetu hakuna meno yale." Zuhura ni mimi. Kisha akatega sikio, akacheka. Akacheka kama mtu aliyejibiwa.

Niliganda. Kwetu tuliambiwa vipo vitu vinavyokaa majumba matupu, vikimpenda mtu humchukua kidogokidogo: kwanza maneno yake, kisha usingizi wake, kisha yeye. Na mama kweli alikuwa halali. Nikahesabu mambo yote kwa akili ya miaka minane, nikapata jawabu. Baba alichukuliwa na watu nikiwa nimesimama, sikufanya kitu. Mama hatachukuliwa na jiwe.

Jumamosi iliyofuata, mama alipokuwa akitupa taka barabarani na Bi Edna akichemsha chai kwenye jiko lake la pembeni, nilichukua nyundo ya mti. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, saa kumi jioni tu na giza limeshaingia, taa moja inawaka. Nilikwenda mpaka mwisho wa banda, nikisoma Kul-huwallahu kwa kurukaruka. Sikutaka linione, basi nikazunguka upande wa ukuta, nyuma kabisa, nikainua nyundo kwa mikono miwili.

Kumbe upande ule ndio uliokuwa wa mbele. Mlangoni tulikuwa tukilitazama mgongo. Na nilipochungulia ubavuni kutafuta mahali pa kupiga, nikaliona bega. La kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na mwili wote ulikuwa umeinama mbele unywele mmoja, kama mtu aliyeanza hatua na hajaimaliza.

Uso wa baba nilikuwa nimeshausahau. Hilo sikumwambia mtu. Nilichobaki nacho ni mgongo wake akipita mlangoni asubuhi ile, bega la kushoto chini. Ulikuwa hapo, wa kijivu, umelowa, unatoa harufu ya kisima.

"Weka chini hiyo, mtoto," alisema Bi Edna nyuma yangu, kwa Kiingereza, polepole. Alikuwa ameshika vikombe viwili.

Sikuweka. Nikamwambia, "Anakwenda."

"Nani?"

"Huyu mtu. Anakwenda na hatageuka."

Vikombe vilianguka. Bi Edna alikaa chini, palepale sakafuni, katika chai. Mama alirudi mbio akatukuta hivyo: mimi na nyundo, na bibi wa watu kakaa chini kama mtoto.

Bi Edna akatusimulia. Baba yake alikuwa na duka la dawa, mji wa pwani huko kaskazini, na yeye alianza kwa kuchora nyuso. Alikuwa hodari, watu walimlipa awachoree watoto wao. Kisha vita vikaja, na kaka yake mdogo akaenda baharini. Alimsindikiza stesheni. Kaka hakugeuka kumpungia mkono, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka aonekane. Meli yake haikuonekana tena. Baada ya hapo Bi Edna kila alipochora uso ulitoka wa kaka yake, basi akaacha nyuso. Akachora alichobakiwa nacho. Watu walimcheka kwanza, kisha wakamsifu, wakaandika kwamba kazi zake ni fikra tupu, uzito na nafasi. Kisha wakamsahau, akafundisha chuoni, akastaafu, akaendelea.

"Miaka hii yote hakuna aliyesema ni mtu," alisema, akinitazama kwa namna niliyoiogopa.

Mama aliuliza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Wewe umesema lini, amekufa?"

"Sijasema," Bi Edna akajibu.

Mama akainua macho akalitazama banda. Nami nikatazama naye. Nikaona. Umbo la mbao kando ya dirisha, bega moja chini. Lile la shaba. Yaliyofunikwa mashuka, moja moja, na ile michoro ukutani, kijivu kikiinama ndani ya kahawia. Banda zima lilikuwa mtu mmoja, kwa miaka thelathini anaondoka, anaondoka, anaondoka. Plasta ikalia tik. Mama alinikamata mkono akaubana mpaka nikaumia.

Wiki ile alikwenda kwa sheikh. Sheikh akamwambia mwanamke wa mume aliyepotea ana muda wake wa kungoja, na wake ulipita zamani. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, chumbani kwa mjomba, na sahani zikawa mbili. Siku ya hitima walikuja wanawake wa Unguja na wa Mombasa waliokuwa mjini, na katikati ya kisomo akaingia Bi Edna, kajifunga kitambaa kichwani upande, kashika keki. Alikaa pembeni na magoti yake marefu mpaka mwisho. Alirudi bandani kwake akaendelea kutengeneza mgongo uleule mpaka alipokufa.

Kwa miaka mingi nilijivunia jambo lile. Nilijiona mimi ndiye niliyemfungua mama. Niliwasimulia hata wanangu, ambao hunisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza kwamba mimi nilikuwa mtoto wa kutisha.

Mama alipokuwa mgonjwa, mwishoni, nilimkumbusha. Nilidhani atatabasamu.

"Mimi baba yako nilimjua mle siku ya kwanza," alisema. "Nilipoingia na ndoo yangu. Hujui, kule Hayes nilipata kazi ya kufua, karibu na kwetu, pana joto, nikaikataa. Ningemwachaje?"

"Lakini ukakubali kwamba amekufa, mama. Ukakaa eda."

Alinitazama kama anayepima iwapo nimeshakua.

"Sikukubali mpaka leo," alisema. "Lakini nilikukuta umeshika nyundo, mwanangu. Nikaona siwezi kuwa na nyinyi wote wawili. Nikakuchagua wewe."

Akafumba macho, akaniomba nimgeuzie mto.