Titi la Kukhu

Mwanangu alikuwa na siku kumi na mbili nilipotoka kuoga nikamkuta akinyonya titi la mama mkwe. Titi hilo halikuwa na tone la maziwa. Wa mwisho kulinyonya alikuwa mume wangu, ambaye sasa ana upara.

Mama mkwe, sasa Kukhu, yaani nyanya wa mtoto, alikuwa amekuja kwetu Amalemba kutoka Shianda, na kuku wawili na mkungu wa ndizi, ili anisaidie kulea. Siku aliyofika aliona ile chuchu ya plastiki ambayo mume wangu alikuwa amenunua ya kumtuliza mtoto. Akaigeuzageuza, akaitupa kwenye taka.

“Mtoto hafungwangi mdomo na mpira,” alisema.

Sikumpinga. Muuguzi wa kliniki naye alikuwa ameniambia nisiitumie kwanza, hadi mtoto azoee ziwa. Nilidhani sisi watatu tumekubaliana.

Kilichomsumbua muuguzi ni uzito. Mtoto alikuwa amepungua baada ya kuzaliwa, na kufikia siku ya kumi hakuwa ameurudisha. Alitupa siku nne uzito uongezeke. Nikanunua daftari, nikawa naandika kila anaponyonya: saa, upande, dakika. Ilikuwa mara nane kwa siku. Katikati alilala sana, nami nikaamini ameshiba.

“Mama, hapo anapata nini?” nilimuuliza siku hiyo, maji yakinidondoka.

“Usingizi. Na wewe umepata kuoga.”

“Umempa mara ngapi?”

“Kwani mtu anahesabunga? Huyu analilia kunyonya tu, si njaa. Ukimpa wewe kila mara utaisha kama sabuni.”

Nilimchukua nikamweka kwangu. Alivuta mara tatu, akasinzia. Niliudhika, na sikujua wa kumuudhikia: kwangu alikuwa amefika akiwa amechoka.

Siku ya kumi na nne mizani ilisoma kilo zile zile. Muuguzi akapekua daftari langu.

“Nane tu? Na katikati halii?”

“Hulia,” nilisema. “Kukhu wake alikuwa akimpa titi.”

“Mara ngapi kwa siku?”

Nilimgeukia mama mkwe, aliyekuwa akimfunga mtoto shali. Tulikuwa tumeshaliongea jambo hilo siku mbili nzima, na nilikuwa nimeamini ameacha.

“Mama, ilikuwa mara ngapi?”

Alimaliza kufunga shali kwanza.

“Unataka ya jana,” alisema, “ama ya leo?”