Daktari wa Redio na Gemu Yake

Mimi ni fundi redio mwenye uzoefu wa miaka ishirini, mtaani wananiita Daktari. Jumamosi moja nilitoa kabatini mashine yangu ya gemu ya zamani, nikaiunganisha na televisheni, lakini kioo kikabaki cheusi. Nikaifungua, nikafuta vumbi, nikalehemu upya nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Wapi.

Mama mkwe, aliyekuwa akinitazama muda wote, akachukua rimoti.

"Baba, mbona hujabadilisha chaneli?" akauliza, akabonyeza mara moja. Gemu ya mpira ikawaka.

Nikamwambia ni kazi yangu ya kulehemu ndiyo imeanza kushika. Akachukua pedi ya pili ya kuchezea, akanifunga mabao saba. Nikasingizia pedi yangu, eti ni mbovu. Tukabadilishana, akaniongezea manne.