Azimio Lililomtaja Manka

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vimenizidi namba moja, nikapanda ngazi za ofisi ya halmashauri nikiburuza miguu kama bibi harusi. Katibu wa Vikao, mzee mrefu mwenye sauti ya kanisani, aliitikia shikamoo yangu, akanipa karatasi tupu. Akaniambia niandike kila kitakachosemwa mezani, isipokuwa vicheko.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne tu na mkono mwepesi. Kazi ya karani wa vikao ndiyo hiyo. Kwanza unaangalia kama akidi imetimia, yaani wajumbe wa kutosha wamefika ili kikao kiwe halali. Unaandika hoja, nani kaitoa na nani kaiunga mkono. Mwisho unachapa muhtasari. Kwa muda nilipelekwa kata ya Mabogini, nikaandika ugomvi wa maji ya mpunga hadi nikawa naota mifereji. Nikarudishwa mjini, na huko ndiko nilikojifunza maazimio.

Azimio la kawaida lina meno: barabara ichongwe, choo cha soko kijengwe. Lipo na azimio la wito, na hilo halina hata jino moja. Baraza linasimama kuisihi serikali ya mbali iheshimu haki ya mtu, karatasi inapanda mkoani, inakwenda wizarani, na kuanzia hapo Mungu ndiye anayejua. Wenzangu waliliona ni kupoteza wino. Mimi nililipenda kuliko yote, ingawa katika kazi yangu niliandika moja tu.

Lilikuwa la Manka. Tulikaa dawati moja shuleni kule Uru, tukila ndizi zake kwanza kisha zangu. Alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Waajiri wakamchukulia pasipoti, na sheria ya kule ikawapa nguvu: haondoki wala habadili kazi mpaka wao waridhie. Simu yake ikanyamaza. Diwani wa kwao akaleta hoja kwamba baraza liitake serikali ile iwaache wafanyakazi washike pasipoti zao wenyewe na watoke wanapotaka. Nilipochapa rasimu nikaweka jina la Manka kwenye aya za "kwa kuwa", zile za mwanzo zinazoeleza sababu.

Katibu alipitisha kalamu nyekundu juu ya jina lile.

"Azimio linataja haki, binti, halitaji mtu. Ukimtaja mmoja, kesho kila mama wa mlimani atakuja na wake."

Nikamwambia na waje. Aliniangalia juu ya miwani, akanirudisha kwenye mashine kuchapa upya.

Jioni nilipita kwa Mama Manka nikamweleza, maana kunyamaza sijui. Aliendelea kumkatia ng'ombe majani. Asubuhi nikamkuta kwenye korido ya ofisi, amefunga kitenge cha misa, mkononi ana jani la isale. Kwa msiotoka huku, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo, amekuja kukusihi au kukuomba msamaha, na hukatai. Mzee aliyewahi kulikataa hata ndugu zake wanampita njiani bila salamu. Lakini hupelekwa kwa jirani au kwa ndugu. Ofisini sikuwahi kuliona.

Mama Manka aliliweka juu ya rasimu, palepale penye wino mwekundu.

"Mama, hapa ni ofisi ya serikali," Katibu alisema.

"Najua, baba. Ingekuwa kwako nyumbani ningekuletea na kibuyu cha mbege."

Katibu aliliangalia jani. Alikuwa Mchagga kabla hajawa Katibu.

"Mbona unanifunga mikono, mae?" Alimwita mama kwa Kichagga.

"Wa kwangu amefungwa zaidi."

Hapo aliniambia, bila kunitazama, nirudishe jina.

Siku ya kikao diwani mmoja aliuliza kama serikali ile inajua hata soko letu la Himo liko wapi. Mwenzake akamjibu kwamba ingekuwa inauza vitunguu ingejua. Watu wakacheka, nami nikatii maagizo niliyopewa siku ya kwanza. Kisha Mwenyekiti akasoma azimio lote kwa sauti, akaomba wanaoafiki wasimame. Walisimama wote, hata yule mzee ambaye husinzia kuanzia sala ya kufungua.

Jibu halikuja. Kila Jumatatu niliuliza masjala, kule barua zinakopokelewa, mpaka dada wa masjala akawa anatikisa kichwa kabla sijafika mlangoni.

Mkataba wangu uliisha, wakaja wenye diploma. Kwa hiyo nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja, msinicheke, nina kahawa na ng'ombe mmoja. Ninyi mtakaokaa kiti kile cha karani, nawaonea wivu. Natamani tena mlio wa viti vya madiwani, vikisukumwa nyuma kwa pamoja.

Jumapili moja baada ya misa, simu ikaita kwa namba ndefu. Alikuwa Manka, kwa simu aliyoazima. Bado yuko kule. Aliniomba nimsomee ile karatasi aliyoambiwa na mama yake. Nakala imebaki masjala, lakini naijua kwa moyo, nikaanza. Kwenye jina lake akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Walisimama kweli?"

"Wote."

Nikasikia anaongea na mtu pembeni, kisha akarudi.

"Mwenye simu anaitwa Grace, kwao ni Uganda, naye pasipoti wamemchukulia. Msomee na yeye, uweke jina lake."

Sikuwa na baraza, wala muhuri, wala Mwenyekiti. Niliacha sufuria jikoni, nikasimama wima, nikaanza upya kwenye "kwa kuwa" nikiweka jina la Grace. Simu ilikatika kabla sijafika kwenye wito. Nikasoma mpaka mwisho.