Njia Mbili za Kumficha Veronica

Ngassa hakuhitaji kuishika simu ya mke wake ili aisome. Alikuwa anauza waifai pale Bariadi, vocha za saa na za siku, na mtambo wake wa dukani ulimwonyesha kila simu imekwenda tovuti gani. Kutoka dukani alivuta waya wa bluu mpaka nyumbani, nyumba ya tatu. Bando hakumwekea mkewe. Veronica akitaka kuchungulia dunia, ilibidi apite mlangoni kwa mumewe.

Siku Veronica alipofungua ukurasa wa wasaidizi wa kisheria wa wanawake, Ngassa alirudi saa nne asubuhi na kipande cha waya uleule mkononi. Alimpiga miguuni, akampiga mgongoni, na Veronica alipoinama kumfunika mtoto, akampiga kisogoni.

"Hao wa kwenye mtandao ndio wamekuoa?" akauliza, sauti ya chini kabisa. "Ukiniaibisha, Gloria anakwenda Kimali kwa mama yangu. Wewe utazikwa hapahapa."

Gloria alikuwa na miaka mitatu. Siku ile alijifunza kulia bila kutoa sauti, na hilo lilimuuma Veronica kuliko mgongo. Hapo ndipo alipoamua kwamba ataondoka na mtoto wake, lakini si kwa kukimbia. Aliyekimbia hurudishwa. Alitaka maneno yake na picha za majeraha yake vimtangulie, vifike kwa mtu wa sheria kabla Ngassa hajajua.

Kila wiki alikwenda Nyalikungu kununua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aje aiuze gulioni. Jirani na sokoni alikuwapo Lukresia, binti wa mama yake mdogo, fundi simu.

"Mwangaluka, dada. Umeanguka tena?"

"Nimeanguka mlangoni."

"Huo mlango wenu una mikono." Lukresia akaweka chini bisibisi. "Leta simu."

Akamweleza habari za VPN. Ni kama bomba lililofunikwa: mwenye waifai anaona bomba limepita kwake, haoni kilichomo wala linakomwagia. Kulikuwa na mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ya kivinjari kilekile ambacho Veronica alikuwa nacho kwenye simu. Ya pili ni ya kampuni ya ugenini ambayo hata Lukresia jina lake lilimpa shida kulitamka.

"Lakini mitambo ya zote mbili ni ya hao wa pili," Lukresia akasema. " Kivinjari kimeweka chapa yake tu juu."

"Kama ng'ombe aliyewekwa kwenye zizi la mwingine."

"Ndiyo hivyo. Tuseme ng'ombe ni wa Bundala, zizi la Mayige."

Veronica alikuwa mtoto wa Sapiwi. Baba yake alitawanya ng'ombe kwa majirani ili wezi na wenye macho wasijue mali yake, na hakuwahi kumpelekea mgeni hata ndama. Ukitaka kuficha, unaficha kwa mtu unayemjua. Kwa hiyo akachagua jina analolijua, la kivinjari. Kulikuwa na siku za majaribio za bure. Aliombwa barua pepe, akaandika ile aliyofunguliwa na Ngassa siku simu iliponunuliwa. Hakujua kwamba barua zake zinaingia pia kwenye simu ya dukani.

Barua ya kumkaribisha ilifika kabla hajafika nyumbani. Ilimtaja kwa jina, ikampongeza kwa kulinda siri zake.

Ngassa alimsomea ile barua sentensi kwa sentensi, na baada ya kila sentensi, ngumi. Jino la mbele lilitoka kwenye neno ‘karibu’. Alipomaliza kusoma alimpa maji asukutue, akarudi kuuza vocha. Veronica akaokota jino, akafuta damu sakafuni kabla Gloria hajaikanyaga, akaketi akifikiri juu ya zizi la Mayige. Jirani unayemjua, na yeye anakujua. Mumeo akipita kumsalimia, atamjibu kwa heshima zote.

Wiki iliyofuata Lukresia alimtazama mdomo.

"Nilipaswa kukuuliza barua pepe ni ya nani. Kosa langu, dada."

"Hao wenye mitambo wanataka jina?"

"Hawataki. Hawaombi barua pepe. Wanakupa namba, tarakimu kumi na sita, basi. Ila ukiisahau hakuna wa kukukumbusha."

"Nipe hiyo."

Lukresia akailipia mwenyewe. Programu akaiweka kwenye memori kadi ndogo, Veronica akaificha kwenye pindo la gauni la mtoto. Atakuwa anaiingiza kwenye simu, anaandika namba, anaongea, kisha anafuta kila kitu. Namba yenyewe aliigawa mafungu manne, akaifanya wimbo wa kumbembeleza Gloria. Siku ya tatu mtoto aliuimba mbele ya baba yake, saba mbili, tisa moja. Veronica akamvuta mtoto kwake.

"Anajua kuhesabu huyu," alisema Ngassa, akacheka. "Ila anaruka. Mfundishe vizuri."

Kwa siku tano Veronica aliandika. Klementina, msaidizi wa kisheria wa ule ukurasa, alipokea picha sita, tarehe zake, na kile kitisho cha Kimali. Akajibu: Faili liko tayari, na polisi wa dawati la jinsia wameshaambiwa. Njoo Alhamisi na mtoto.

Jumatatu Ngassa aliliona bomba. Hakuona kilichomo, aliona tu kwamba simu ya mkewe inazungumza na mahali pamoja, mbali, Ulaya, kila mchana. Akaingia nyumbani, akafunga mlango nyuma yake.

"Nani yuko Ulaya?"

"Sina mtu Ulaya."

Alimkaba shingo kwa mkono mmoja, kwa mwingine akapekua simu. Hakukuta programu wala ujumbe. Akakaza. Veronica aliona dari inakuwa nyeusi kuanzia pembeni, akamwona Gloria akimng'ata baba yake mguuni, akasikia mtoto akirushwa kwa teke na kugonga ukuta. Ngassa akamwachia, akaitwanga simu juu ya jiwe la kusagia mpaka kioo kikawa unga. Alipigapiga hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kuvunja. Kisha wateja wakampigia simu kwamba mtandao umekata, akatoka.

Veronica hakungoja Alhamisi. Alimfunga Gloria mgongoni kwa kitenge, akampapasa kichwa, palikuwa na nundu, hapakuwa na damu. Akatembea kwa miguu mpaka kituo cha polisi, shingo imevimba, sauti haitoki. Askari wa kike alimtazama mara moja, akavuta faili lenye zile picha sita.

"Wewe ni Veronica wa Sapiwi. Kaa, mayu, kaa mama. Usiongee. Tumeshasoma."

Ngassa aliletwa saa nane mchana akiwa na pingu. Alimpita mtoto kama anayepita kiti. Mbele ya Veronica akasimama.

"Ulipita wapi?" akauliza. "Niambie tu, ulipita wapi?"

Veronica alikaza fundo la kitenge kifuani, akageukia meza na kuuliza kwa mkono ni wapi pa kuweka sahihi.